Mwalimu Kang Hatarudi Nasi

Mashua zilikuwa mbili, walimu kumi na mmoja, na mvua haikuwa imekatika tangu treni yao ilipoingia Suzhou jana yake. Shen Peilan alijichelewesha kwa makusudi pale kwenye ngazi za mawe, akijifanya anahangaika na vifungo vya koti lake la mvua, ili aone kwanza Mwalimu Kang anapanda mashua ipi, naye apande nyingine. Hila yake haikufika mbali. Dada Miao, mwalimu wa hesabu ambaye alikuwa akilala naye chumba kimoja hotelini, alimkamata mkono akamvuta.

"Wewe unafunga koti au unasuka mkeka? Ingia, tunalowa!"

Akaingia. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, kwenye ubao wa katikati, ana kwa ana na Kang Jiyuan. Mashua yenyewe ilikuwa nyembamba kama kihori. Magoti yao yakagusana. Peilan akayasogeza yake pembeni, mashua ikayumba, magoti yakagusana tena.

"Samahani," alisema Jiyuan bila kuinua macho.

"Hamna neno, mwalimu."

Mwanamke mwenye mashua, aliyevaa shati la buluu na kofia pana ya majani, alisukuma kasia lake la nyuma, wakaondoka ukingoni polepole. Nyumba nyeupe zilizoota ukungu mweusi zilipita huku na huku. Maji ya mfereji yalikuwa na rangi ya chai iliyolala.

Peilan alikuwa na miaka thelathini na sita. Mume wake, Geng, alikuwa amefariki kwa maradhi ya ini miaka sita iliyopita, akamwachia binti mmoja, Ruirui, na mama mkwe, Mama Tao, ambaye waliishi naye mpaka leo katika nyumba ya vyumba viwili huko kwao Pizhou, mji ambao mwezi wa sita wote hunuka vitunguu saumu. Alikuwa ameshajizoesha kuwa mjane. Kisha akaja Jiyuan, mwalimu wa muziki, mwanamume mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo, asiyewahi kuoa. Hawakuwahi kufanya jambo lolote la kusemwa. Jiyuan alimsubiri tu amalize kusahihisha madaftari, wakatembea pamoja hadi kona ya soko. Siku za Jumamosi alimfundisha Ruirui kupiga kinanda cha shule, naye Peilan akakaa dirishani akifuma sweta ambalo haliishi, kwa sababu kila akifika mkononi alilifumua ili aendelee kuwa na kazi ya kumkalisha pale. Miaka miwili ilipita hivyo. Desemba iliyopita, kwenye kona ile ile ya soko, Jiyuan alimwambia, "Mwaka mpya ukipita nitakuja kwenu kuzungumza na Mama." Peilan alirudi nyumbani siku hiyo hajui kama alikanyaga ardhi.

Mwaka mpya wa Kichina ukapita. Shule ikafunguliwa. Jiyuan akaanza kumwita Mwalimu Shen, kama mtu aliyeletwa na barua ya uhamisho. Hakumsubiri tena. Peilan hakuuliza. Alijiambia ni mama yake Jiyuan ameshinda, kwa maana mama yule alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba mwanawe hawezi kuanza maisha na mke wa marehemu.

Mwenye mashua akaanza kuimba kwa lugha ya kwao, laini, ya kuvuta.

"Huyu anaimba au anatusengenya?" aliuliza Dada Miao. "Mimi sijashika hata neno moja."

"Anasema mvua imemkuta darajani, na aliyemwahidi mwavuli hajaja," alijibu Jiyuan.

Dada Miao akamkodolea macho. "Na wewe Kisuzhou umekijulia wapi?"

Jiyuan akawa mwekundu hadi masikioni. Mwalimu Mkuu Bao, aliyekaa mbele kabisa na kibendera chake cha manjano mapajani, akageuka akicheka.

"Atakosaje kujifunza? Mtu anayekuja kuishi hapa..." Akajipiga mdomo kwa kiganja. "Ala! Nilikuwa nimemwahidi nitangoja wakati wa chakula. Basi, maji yameshamwagika. Walimu, Mwalimu Kang amepata kazi kwenye shule moja ya hapa hapa Suzhou. Dada yake kamtafutia. Kesho sisi tunarudi, lakini Mwalimu Kang hatarudi nasi."

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Hongera! Msiri wewe! Na tafrija yetu iko wapi? Mwalimu mmoja akampiga mgongoni hadi mashua ikacheza. Peilan naye akasikia sauti yake ikisema, "Hongera sana, Mwalimu Kang," sauti safi kabisa, ile ambayo huitumia kusoma majina ya wanafunzi asubuhi.

Jiyuan alimtazama kwa mara ya kwanza tangu waondoke Pizhou. Macho yake yalikuwa na kitu kama ombi, ila Peilan hakujua anaombwa nini. Magoti yao bado yalikuwa yamegusana. Hapakuwa na pa kuyapeleka. Safari ile ya mashua ilibakiza dakika ishirini nyingine, naye akazikaa zote, akitazama matone yakianguka majini, akijikaza kisabuni.

Mchana walikula kwenye mkahawa wa kando ya mfereji. Samaki aliletwa amekatwa akachanua kama ua, amemiminiwa mchuzi mwekundu.

"Sukari!" alilalamika Dada Miao. "Jana mkunga ana sukari, leo samaki ana sukari. Mwalimu Kang, wewe utaishije hapa? Kila mwezi tutakutumia gunia la vitunguu saumu, la sivyo utasahau kwenu."

Watu wakacheka. Vikombe vya pombe ya mchele vikainuliwa, maneno mazuri yakasemwa. Peilan aliinua kikombe chake pamoja na wenzake, akakirudisha mezani bila kunywa. Dada Miao, ambaye kelele zake hazikumzuia kuona, alimwinamia sikioni.

"Ulikuwa unajua?"

"Nijue kwa lipi?"

"Peilan, nina macho. Nenda kamuulize."

"Nikamuulize nini, Dada? Mtu akiondoka ameondoka."

"Basi usimuulize, rudi naye moyoni hivyo hivyo, akutafune miaka kumi mingine. Mimi nimekwambia."

Walipotoka, Mwalimu Mkuu Bao akakiinua kibendera chake kwenye mvua na kutangaza kwamba sasa wanakwenda kwenye bustani, na asiyekaa karibu naye akipotea shauri yake. Kundi likaanza kufungua miavuli. Peilan alisimama mlangoni. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana, na hilo lilimtia aibu zaidi ya jambo lenyewe.

"Mwalimu Kang," akaita, mbele ya watu wote. "Una mwavuli?"

Jiyuan akajibu kwamba anao.

"Basi nisindikize. Nina mazungumzo nawe."

Dada Miao ndiye aliyewaondoa wengine, akiwasukuma kama kuku. "Twendeni, twendeni, bustani inafungwa!" alisema, ingawa ilikuwa saa nane mchana.

Walitembea kwenye barabara nyembamba ya mawe, maji upande mmoja na maduka upande wa pili, mpaka wakapata duka lililofungwa lenye baraza pana mbele. Wakasimama hapo. Hatua chache kutoka kwao, bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikapu kilichofunikwa kitambaa chenye unyevu. Ndani yake mlikuwa na maua meupe membamba, yamefungwa mawili mawili kwa waya, ya kuvaa kifuani. Harufu yake ilikuwa tamu hata kwenye mvua ile.

Bibi aliwatazama, akatabasamu, akachukua jozi moja ya maua akamnyooshea Jiyuan huku akimwonyesha Peilan kwa kidevu, na kusema maneno marefu kwa lugha yake.

"Anasema nini?" Peilan aliuliza.

"Anasema... mvua haitakatika leo."

Peilan alitazama ua lililonyooshwa, akatazama uso wa Jiyuan. Akamwinamia bibi kwa adabu. "Asante, bibi. Mimi si mke wake." Bibi akarudisha maua kikapuni bila kuelewa, ama kwa kuelewa.

"Kwa nini umenidanganya kitu kidogo kama hicho?" Peilan aliuliza.

"Sikutaka uumie."

"Nani alikupa kazi hiyo?"

Mashua moja ilipita, imejaa wageni waliovaa mifuko ya plastiki kichwani.

"Miezi minne," alisema Peilan. "Miezi minne unanipita kwenye korido kama nguzo. Nilijiambia moyoni sawa, mama yake amekataa, mtoto wa kiume hawezi kumvunja mama moyo. Nikameza. Lakini kuhama mji, Jiyuan! Nikaja kuambiwa na Bao, ndani ya mashua, mbele ya watu!"

"Nilikuja," alisema Jiyuan.

"Ulikuja wapi?"

"Kwenu. Siku ya sita ya mwaka mpya. Wewe ulikuwa umempeleka Ruirui kwa mama yako mzazi. Nilikuja na kasha la machungwa na katoni mbili za maziwa. Nilinunua na tai."

Machungwa yale Peilan aliyakumbuka. Waliyala wiki nzima. Mama Tao alisema yameletwa na jirani.

"Mama yako mkwe alinikaribisha chai. Nikamweleza lililonileta. Alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu. Halafu akainuka, nikadhani anafuata maji ya moto. Akapiga magoti. Mbele yangu, Peilan! Bibi wa miaka sabini na mbili, kwenye sakafu ya saruji, na miguu yake ile ya baridi yabisi."

"Alisema nini?"

"Alisema mwanawe yuko ardhini, na kilichobaki cha mwanawe ni yule mtoto. Wewe ukiolewa utaondoka naye, yeye atabaki anaongea na picha ukutani. Akasema, 'Mwalimu, wewe bado una nguvu, utapata mwingine. Mimi nitapata wapi?' Ningefanyaje?"

"Ungemwinua."

"Nilimwinua."

"Halafu?"

"Nikamwahidi."

Mvua ilizidi. Maji yalianza kumiminika kutoka kwenye vigae vya paa, yakawa kama pazia mbele yao. Peilan alijikuta anamwona Mama Tao pale sakafuni, mwanamke aliyemkandia miguu usiku arobaini mfululizo baada ya mazishi, ambaye mpaka leo humwachia yeye kipande cha samaki chenye nyama na kujipa kichwa. Akataka kumkasirikia, hasira ikakataa kukaa, ikahamia kwa huyu aliyesimama mbele yake.

"Nani aliwaambia nitamwacha?" alisema. "Tungekaa naye. Nyumba moja, na kama ni ndogo basi mtaa mmoja. Jioni angekula kwetu. Hilo nilishaliwaza siku nyingi kabla wewe hujanunua tai."

"Sikujua."

"Hukuniuliza! Mlikaa wawili, mkanywa chai, mkanigawa. Yeye akachukua fungu lake, wewe ukasamehe lako. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nakuja na treni, nimekushonea soksi."

Machozi yalimtoka. Hakuyafuta. Jiyuan aliinua mkono kuyafuta yeye, mkono ukasimama njiani, ukashuka.

"Peilan, hakuna siku iliyopita bila..."

"Ngoja. Nina swali moja tu. Ulipotoka pale, ulipokuwa unashuka ngazi zetu, ulijisikiaje? Niambie kweli. Usinitafsirie."

Mwanamume mwingine angejibu haraka, na Peilan angemwamini, labda wangeishia vingine. Lakini Jiyuan hakuwa mwongo wa mambo makubwa.

"Niliumia," alisema mwishowe. "Nililia njiani, watu waliniona. Na pia..." Akautazama mwavuli wake. "Pia nilishusha pumzi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Mama yangu alikuwa ameapa hatakula nyumbani kwangu. Ruirui ananiita mwalimu, sikujua ataniitaje. Na Geng, kila nikija namkuta ukutani ananitazama, kijana kuliko mimi. Kila siku nilikuwa nasema kesho nitakuwa jasiri. Mama Tao alipopiga magoti, nikapata sababu ambayo hakuna mtu anaweza kunilaumu."

Peilan alitikisa kichwa taratibu. Ajabu ni kwamba hakupata kumpenda kama alivyompenda dakika ile, akiwa amesimama na mabega yake yaliyoinama, amesema ukweli wake wote. Na dakika hiyo hiyo kitu fulani ndani yake kilikaa chini, kimechoka.

"Ukisema nirudi, narudi," Jiyuan alisema kwa haraka, kama mtu anayedaka kitu kinachoanguka. "Mkataba nimesaini, lakini nitauvunja. Nitazungumza na mama yangu, nitazungumza na Mama Tao. Sema tu."

"Mama Tao alikuomba uondoke, ukaondoka. Mimi nikikuomba urudi, utarudi. Wewe mwenyewe, Jiyuan, unataka nini?"

Alifungua mdomo.

Peilan alisubiri. Alisubiri kwa moyo wake wote, kwani neno moja lingetosha, hata likisemwa vibaya, hata kwa kigugumizi. Mashua nyingine ilitokea chini ya daraja, ikapita, ikapotea kwenye kona. Bibi wa maua alifunika kikapu chake. Jiyuan alitazama maji, akamtazama yeye, akatazama maji tena, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta mlango katika chumba chenye giza.

"Nataka usiteseke," alisema.

"Hilo ni la kwangu. Nilikuuliza la kwako."

Jiyuan akamnyooshea mwavuli aende nao, Peilan akakataa kwa kichwa, akatoka kwenye baraza lile akakata pazia la maji. Alisikia akiitwa mara moja. Hakuitwa mara ya pili.

Dada Miao alimkuta hotelini saa kumi na moja, amekaa kitandani na nywele mbichi, viatu bado miguuni. Alimvua viatu, akamletea taulo, akashuka chini akarudi na bakuli la tambi.

"Nimewaambia wasitie sukari. Kula."

"Dada, nampenda."

"Najua. Kula kwanza."

Kesho yake Jiyuan alifika stesheni kuwaaga. Alimpa kila mmoja kisanduku cha keki za huko, akainamia wakubwa, akacheka na vijana. Alipofika kwa Peilan alikishika kisanduku kwa mikono miwili na hakukiachia mara moja. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Peilan, kuhusu jana..."

"Angalia kifua chako," alisema Peilan kwa upole. "Huku kuna unyevu, na wewe ukianza kukohoa huachi." Akachukua kisanduku. Alimtazama usoni, akamtazama vizuri, bila haraka, kama mtu anayejua haji tena. Kisha akafuata kibendera cha manjano. Ndani ya treni alikaa upande usiotazama jukwaa, na Dada Miao akaongea peke yake mpaka Xuzhou walikobadili treni, juu ya bei ya hariri na ujinga wa bustani zisizo na mboga, ili mtu yeyote asipate nafasi ya kuuliza.

Pizhou hapakuwa na mvua. Jua la alasiri lilikuwa limepauka, na upepo ulileta harufu ya vitunguu. Kwenye geti la kutokea alimwona Mama Tao, peke yake, amevaa blauzi yake ya kijivu ya kutokea. Hakuwahi kuja stesheni kumpokea mtu, maana ngazi zilimshinda. Peilan akaharakisha.

"Mama, kwa nini umekuja? Ruirui yuko wapi?"

"Nimemwacha kwa jirani." Bibi alimtazama usoni, akamtazama mikononi, kisha akatazama nyuma yake, walimu wengine wakitoka mmoja mmoja. Aliwahesabu wote hadi wa mwisho. "Wanasema mtaani Mwalimu Kang amebaki huko."

"Amebaki."

"Amekuambia?"

"Ameniambia."

Mama Tao alishika reli ya geti. Peilan aliona magoti yake yanaanza kukunjika, pale pale, mbele ya wenye teksi na wauza maji. Akatupa begi chini akamdaka kwa makwapa, akamsimamisha.

"Usinifanyie hivyo, Mama. Mimi usinipigie magoti."

"Nimekukosea, mwanangu. Nilijua nakukosea. Nilikuwa nalala najua, naamka najua." Bibi alilia bila sauti, machozi yakifuata mikunjo ya uso. "Nilifikiri hutarudi. Tangu asubuhi nilikuwa nasema, leo hatarudi."

"Nimerudi."

"Utanisamehe?"

Peilan hakulijibu hilo. Hakuwa na jibu bado, na alikuwa amechoka na watu wanaosema jambo ili mwingine asiumie. Aliinama akaokota begi, akampa bibi mkono wake mwingine ashikilie. Wakaanza kushuka ngazi, moja moja, wakisimama kila miguu ya bibi ilipogoma.

"Mama," alisema walipofika katikati, "mtu akija tena kuuliza habari zangu, niite. Nijibu mwenyewe."

Mama Tao alishuka kwanza ngazi mbili nzima.

"Na nikikuita, utaondoka?"

"Sijui, Mama," alisema Peilan. "Lakini niite."